Maziwa, pilipili na kohozi: ni chakula kipi hasa kinacholeta ute mwilini?

Mtu akishikwa na mafua, ushauri wa kwanza anaopewa mara nyingi ni huu: acha maziwa, yatakuongezea kohozi. Mshauri wa pili atamwambia aache ndizi. Wa tatu, aliyeangalia video nyingi kuliko wenzake, atamkataza mkate, sukari, mayai, nyama na bamia, kisha atamweleza kwamba maradhi yake yote, kuanzia mafua hadi maumivu ya magoti, yanatokana na ute uliorundikana mwilini miaka na miaka. Ukiwasikiliza wote watatu utabaki na maji na majani.

Ndani ya ushauri huo kuna ukweli, kuna nusu ya ukweli, na kuna uzushi mtupu, na vyote husemwa kwa sauti ile ile ya uhakika. Tatizo linaanzia kwenye swali lenyewe. Tunapouliza kama chakula fulani "kinaleta ute", tunakuwa tumeuliza mambo matatu kwa mpigo. Je, mwili unatengeneza ute mwingi zaidi? Je, ute ule ule uliokuwepo unakuwa mzito au unakwama njiani? Au ni kwamba mtu anauhisi zaidi kooni? Majibu ya maswali haya hayafanani. Anayejibu la tatu akidhani amejibu la kwanza ndiye anayeufanya ubishi huu usiishe.

Tuanze na ute wenyewe, maana umesingiziwa mengi. Unafunika ndani ya pua, koo, mapafu, tumbo na utumbo, na zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Kinachobaki ni chumvi, mafuta kidogo, kingamwili, vimeng'enya vinavyoua bakteria, na protini kubwa ziitwazo musini, ambazo ndizo zinazoupa ule mnato. Ukitoka puani tunauita kamasi, ukitoka kifuani tunauita kohozi au belghamu. Kazi yake ni kunasa vumbi na vijidudu kabla havijagusa seli, na kuzuia ngozi laini ya ndani isikauke. Mtu asingekuwa nao, pumzi ya kawaida tu ingemuumiza.

Musini hutengenezwa na seli maalumu zilizotawanyika kwenye utando wa ndani, na pia na vitezi vilivyo chini ya utando huo. Seli huzifungasha musini kwenye vifuko vidogo sana zikiwa zimebanwa pamoja na kalsiamu. Kifuko kikifunguka, kalsiamu inaachia, musini inafyonza maji na kutanuka mara mamia kwa muda mfupi mno. Tone dogo lisiloonekana linafunika eneo kubwa. Chini ya ute huo kuna vijinyweleo, takriban 200 kwenye kila seli moja, vinavyopiga kasia mara 10 hadi 20 kwa sekunde, vyote kuelekea upande mmoja: kooni. Ute wa mapafu unapanda, ute wa pua unashuka, na vyote viwili tunavimeza mchana kutwa na usiku kucha bila kuwa na habari.

Hapo kuna jambo la kushika. Kwa kawaida hatuhisi ute wetu. Ili uanze kuuhisi si lazima uongezeke hata kidogo. Inatosha upungukiwe maji, vijinyweleo vipunguze kasi, au koo lenyewe liwe na mwasho. Mgonjwa atasema "nimejaa kohozi" katika hali zote hizo, na atakuwa anasema kweli kuhusu anachokihisi.

Na seli hizo humsikiliza nani? Humsikiliza kirusi aliyeingia puani, moshi wa sigara, vumbi, chavua, tindikali iliyopanda kutoka tumboni, na baadhi ya mishipa ya fahamu. Moshi ni mbaya kuliko vyote kwa sababu unafanya mambo mawili kwa pamoja: unaongeza idadi ya seli zinazotengeneza ute na unazilemaza zile nywele zinazouondoa. Protini ya maziwa, kwa upande wake, ikifika tumboni hukatwakatwa kama protini nyingine yoyote. Musini ya mtu hutengenezwa na seli zake kwa maelekezo ya jeni zake. Utelezi wa bamia nao ni minyororo mirefu ya sukari za mmea, na mwisho wake ni kuwa chakula cha bakteria wa utumbo mpana. Hauna barabara ya kufika mapafuni. Ukiondoa bamia kwenye sahani kwa sababu inateleza, umeihukumu kwa sura yake tu.

Sasa imani hii ilitoka wapi, na mbona imezagaa kiasi hiki? Ni ya zamani kuliko hospitali. Waganga wa Ugiriki ya kale, na Galen baada yao, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Belghamu ilikuwa na tabia ya ubaridi na unyevu, kwa hiyo vyakula "vya baridi na vyenye unyevu" vilidhaniwa kuizidisha. Mafundisho hayo yalipokewa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa miongoni mwao, yakaendelezwa na kusambaa mbali. Katika karne ya 12 tabibu wa Kiyahudi Musa bin Maimun, aliyeishi Misri, aliandika risala nzima kuhusu pumu, na maziwa yalikuwa kati ya vitu alivyovitilia shaka. Tiba ya jadi ya Wachina, kwa njia yake yenyewe, ilifika mahali panapofanana: vyakula vya maziwa na vitamu huzalisha unyevunyevu na kohozi.

Hatupaswi kuwacheka. Walikuwa wanaangalia kwa makini kwa macho waliyonayo. Hadi karne ya 17 madaktari wa Ulaya waliamini kwamba kamasi linadondoka kutoka kwenye ubongo. Ni katika miaka ya 1660 ndipo Conrad Schneider wa Wittenberg alipochunguza mifupa iliyo juu ya pua na kuonyesha kwamba hakuna tundu la kupitisha kitu kama hicho, na kwamba kamasi linatengenezwa na utando wa pua wenyewe. Ubongo ukaachiwa huru. Chakula hakikuachiwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hoja hiyo ya kale ikavalishwa nguo mpya. Mjerumani Arnold Ehret, aliyefariki Los Angeles mwaka 1922, alifundisha kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na ute ulioletwa na chakula, na kwamba matunda na mboga ndiyo dawa. Baadaye Alfredo Bowman wa Honduras, ambaye wengi wanamfahamu kama Dkt. Sebi ingawa hakuwa daktari, alibeba wazo linalofanana na hilo hadi kifo chake mwaka 2016. Video zake bado zinazunguka kwenye simu za watu. Nadhani nguvu yake iko hapa: ushauri wa kula mboga na matunda na kupunguza vyakula vya viwandani unamsaidia mtu kweli. Anapata nafuu, kisha anaamini maelezo yaliyokuja pamoja na ushauri. Lakini nafuu hiyo haithibitishi nadharia ya ute. Inathibitisha kwamba mboga ni nzuri, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analipinga.

Maziwa ndiyo mshitakiwa mkuu, na ndiyo yaliyochunguzwa zaidi. Jaribio ambalo mimi hulipenda lilifanyika Adelaide, Australia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Watu wazima 60 walijitolea kuambukizwa makusudi kirusi cha mafua. Kwa siku 10 waliandika kila walichokunywa na kula chenye maziwa. Wengine hawakugusa maziwa kabisa, wengine walifika glasi 11 kwa siku. Kila walipopenga kamasi, karatasi laini waliyotumia haikutupwa. Iliwekwa pembeni na kupimwa uzito. Hakukuwa na kubahatisha wala "mimi naona kama limeongezeka". Ilikuwa gramu kwa gramu. Uzito wa kamasi haukufuata kiasi cha maziwa. Aliyekunywa mengi hakupenga zaidi ya asiyekunywa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine katika matokeo yale. Waliokuwa wanaamini tangu mwanzo kwamba maziwa yanaleta kohozi waliripoti kukohoa na kubanwa zaidi, ingawa kamasi lao halikuwa zito kuliko la wenzao kwenye mizani. Imani haikubadilisha pua. Ilibadilisha namna ya kuisikiliza.

Watafiti hao wa Australia walirudi na jaribio lingine lililochapishwa mwaka 1993. Safari hii zaidi ya watu 100 walipewa kinywaji kimoja kati ya viwili, cha maziwa ya ng'ombe au cha soya, vyote vikiwa vimetiwa ladha ili wasiweze kuvitofautisha. Wanywaji wa maziwa walisema mate yamekuwa mazito, koo limefunikwa na kitu, wanahisi haja ya kumeza mara kwa mara. Wanywaji wa soya wakasema hayo hayo. Maana yake ni kwamba hisia ile ipo kweli, na watu hawaigizi, ila haitokani na kitu cha pekee kilichomo kwenye maziwa.

Inatokana na nini basi? Maziwa ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji yenye protini. Yakikutana na mate, protini za mate huyafanya matone hayo yashikane vijikundi vijikundi, na mchanganyiko unakuwa mzito kuliko mate peke yake na kuliko maziwa peke yake. Unaganda kidogo kwenye ulimi na nyuma ya koo kwa muda, kisha unamezwa. Vinywaji vingine vyenye mafuta yaliyotawanyika kwa namna hiyo vinaweza kufanya vivyo hivyo, ndiyo maana soya ilishindana na maziwa bila kushindwa. Ukimeza maji baada ya glasi ya maziwa, sehemu kubwa ya "kohozi" hilo inaondoka nayo. Kohozi la kweli la kifuani haliondoki kwa funda la maji.

Mwaka 2018 daktari wa mapafu ya watoto wa London, Ian Balfour-Lynn, alipitia ushahidi uliokuwapo na kuandika kwamba hakuna sababu ya kuwanyima watoto maziwa kwa kisingizio cha kohozi, wakiwemo wenye pumu. Alitaja pia jinsi ushauri huu ulivyopata nguvu kupitia vitabu maarufu vya malezi. Wazazi wakishasoma kitu kwenye kitabu cha mtoto wao wa kwanza, watoto wote wanaofuata watalelewa nacho, na wajukuu pia.

Ningeishia hapo, makala ingekuwa nyepesi zaidi, lakini nisingekuwa mkweli. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 108 ambao tayari walikuwa wanasumbuliwa na ute mwingi nyuma ya pua na kooni. Walioachana na maziwa kwa siku chache walisema ute umepungua kuliko wale waliorudishiwa maziwa kisirisiri. Udhaifu wake uko wazi: kipimo kilikuwa kauli ya mgonjwa mwenyewe, bila mizani, na siku zilikuwa chache. Kwa hiyo unajibu lile swali la tatu, la kuhisi. Ila kwa mtu mwenye karaha hiyo kila siku, kuhisi nafuu si jambo dogo, na huwezi kumwambia kwamba hisia yake haina maana.

Kuna pia hoja ya kibiolojia inayotajwa sana na wapinzani wa maziwa. Baadhi ya maziwa ya ng'ombe yana aina ya kaseini, protini kuu ya maziwa, inayoitwa A1, ambayo ikimeng'enywa hutoa kipande kidogo cha protini kiitwacho beta-kasomofini-7. Kwenye maabara, kipande hicho kikiwekwa juu ya seli za utumbo zilizooteshwa kwenye vyombo, kinaweza kuzichochea zitoe musini zaidi. Mwaka 2010 ilipendekezwa kwamba kwa watu ambao utumbo wao unapitisha vitu kuliko kawaida, na ambao njia zao za hewa tayari zimevimba, huenda kipande hicho kikafika mapafuni na kufanya kazi hiyo hiyo. Hesabu masharti yaliyomo katika sentensi hiyo. Kutoka kwenye chombo cha maabara hadi kifuani kwa mtu ni safari ndefu, na hakuna aliyeonyesha kwamba inakamilika.

Wakati maziwa yanashitakiwa bila ushahidi wa kutosha, mkosaji halisi amekaa pembeni, mwekundu kabisa. Pilipili inaleta kamasi. Haina mjadala. Kikolezo chake kikali, kapsaisini, kinashika vipokezi vya joto kali vilivyo kwenye ncha za neva za mdomo na pua, vile vile ambavyo vingeshtuka kama ungeunguzwa. Neva hupeleka taarifa ya moto, na jibu la mwili ni kufungulia vitezi: machozi, mate, na kamasi jepesi kama maji, ndani ya dakika chache. Haradali kali hufanya mchezo unaofanana kupitia kipokezi kingine. Kuna watu ambao pua huchuruzika kila wanapokula chakula cha moto au chenye viungo, hata bila mafua wala mzio. Kwamba ni kazi ya neva tunajua kwa sababu atropini, dawa inayozuia ujumbe wa neva hizo, huikausha. Madaktari humwandikia mwenye kero kubwa dawa ya kupuliza puani ya jamii hiyo hiyo, ipratropiamu.

Angalia tofauti lakini. Kamasi la pilipili ni jepesi, linakuja papo hapo na linakwisha sahani ikiisha. Halirundikani popote wala halihesabiwi kuwa ugonjwa. Ajabu ni kwamba hakuna anayesema pilipili "inaleta ute". Wengi husema inafungua pua. Chakula pekee ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho kikitoa kamasi ndicho kinachosifiwa kuliondoa.

Njia nyingine ya kweli kutoka chakula hadi kohozi inapitia tumboni. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunga ili tindikali isipande. Mlo mkubwa wenye mafuta mengi, pombe, chokoleti, na kulala mara tu baada ya kula vinaweza kuulegeza kwa baadhi ya watu. Tindikali ikifika hadi kooni, hata kiasi kidogo kisicholeta kiungulia chochote, koo hujilinda: linatoa ute, linavimba kidogo, na mwenyewe anabaki kukohoakohoa asubuhi, akihisi kuna kidonge kimekwama. Atapimwa mafua, atapewa dawa za mzio, ataacha maziwa. Huenda alichohitaji ni kula mapema na kuinua kichwa cha kitanda. Kama kohozi lako linazidi ukilala na baada ya mlo mzito, mshuku huyu kwanza. Na kama mlo huo mzito ulikuwa wa maziwa na jibini, unaona jinsi maziwa yanavyoweza kubebeshwa lawama ambayo ni ya mafuta na ya saa ya kulala.

Mzio wa chakula upo, na mzio wa maziwa ya ng'ombe ni kati ya ile inayowapata zaidi watoto wachanga. Lakini hauji na kohozi peke yake. Huambatana na vipele, kuvimba midomo, kutapika, kuharisha, au kupumua kwa shida. Kuna hata ugonjwa wa nadra sana wa mapafu kwa wachanga unaosababishwa na maziwa ya ng'ombe, uliotambuliwa miaka ya 1960, na dalili zake ni nzito mno kufananishwa na pua inayotiririka. Kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, hali waliyo nayo watu wazima wengi duniani, ni jambo jingine kabisa: huleta gesi, tumbo kujaa na kuharisha. Haina uhusiano na kifua.

Mkate, sukari, ndizi na mayai havinihitaji niandike sana. Mtu mwenye mzio wa kimojawapo atapata dalili za mzio. Asiye nao hatapata. Ndizi mbivu ni nzito mdomoni na inagandaganda kooni kwa muda, basi.

Upande wa pili wa swali ni kama kuna chakula kinachoondoa ute. Mwaka 1978 madaktari wa Miami Beach, Marekani, walipima kasi ya ute ndani ya pua za watu 15 kabla na baada ya kunywa vitu mbalimbali. Maji ya moto yaliipandisha kutoka milimita 6.2 hadi 8.4 kwa dakika. Supu ya kuku ya moto iliipandisha kutoka 6.9 hadi 9.2. Maji baridi yaliishusha, kutoka 7.3 hadi 4.5. Ongezeko lile la moto lilikuwa limeyeyuka baada ya nusu saa. Idadi ya watu ni ndogo, lakini hapa angalau kuna jibu la swali la pili, la kukwama: kinywaji cha moto kinausogeza ute, cha baridi kinauchelewesha kidogo. Kwa hiyo bibi anayekupokonya maji ya barafu ukiwa na mafua hajakosea sana. Amekosea tu akidhani baridi ndiyo iliyoleta mafua.

Asali nayo hutuliza kikohozi cha usiku kwa watoto waliozidi mwaka mmoja. Chini ya mwaka mmoja ni marufuku, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli ya mtoto.

Kuna sehemu moja ya mwili ambako chakula kina usemi mkubwa juu ya ute, na huko habari ni kinyume cha tulivyozoea kuambiwa. Ni utumbo mpana. Mwaka 2008 watafiti wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwamba ukuta wa utumbo mpana wa panya umefunikwa na tabaka mbili za ute: la nje lililojaa bakteria, na la ndani lililobana kiasi kwamba bakteria hawapiti. Tabaka hilo la ndani ndilo linalotenganisha matrilioni ya vijidudu na damu. Mwaka 2016 utafiti mwingine, nao kwa panya, ulionyesha kinachotokea wakinyimwa nyuzinyuzi: bakteria waliozoea kula nyuzinyuzi hugeukia sukari zilizoshikamana na musini, wanaanza kuula ukuta wa ute, na tabaka linakonda. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuwa umeona jambo la jamii hiyo kwa panya waliopewa baadhi ya viungo vya viwandani vinavyochanganya mafuta na maji. Panya si watu, na mengi bado yanafuatiliwa. Lakini mwelekeo uko wazi: kwa utumbo, hatari ya chakula kibaya ni kupungukiwa na ute.

Ndiyo maana zile dawa za "kusafisha utumbo na kutoa ute wa miaka" zinaudhi. Wauzaji huonyesha picha za kamba ndefu nyeusi kama mpira zilizotoka chooni, kuwa ushahidi. Soma kilichomo kwenye kopo: mara nyingi ni unga wa nyuzinyuzi unaovimba ukipata maji pamoja na udongo wa bentonaiti. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya utumbo hutengeneza kamba hiyo hiyo. Mteja amenunua uchafu, ameumeza, kisha ameonyeshwa kama vile ulikuwa wake. Madaktari wanaochungulia utumbo kwa kamera kila siku hawazikuti kamba hizo kwa mtu ambaye hajameza dawa.

Je, mtu anayehisi kabisa kwamba maziwa yanamsumbua afanye nini? Mtu mzima anaweza kuyaacha wiki mbili, akaangalia, kisha akayarudisha. Jaribio lina maana zaidi kama mtu mwingine atamchanganyia vinywaji, siku nyingine vya maziwa na siku nyingine vya soya, asijue ni kipi, huku akiandika hali yake kabla ya kuambiwa. Akipata nafuu ya kweli, ayaache kwa amani na atafute kalsiamu kwingine. Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi, kwa sababu maziwa huenda ndiyo chanzo chake kikuu cha protini, mafuta na kalsiamu. Yasiondolewe bila mtaalamu. Hata watoto wenye sistiki faibrosisi, ambao kohozi lao kweli ni zito kupindukia kwa sababu ya kasoro ya jeni iliyotambuliwa mwaka 1989, hawazuiwi maziwa. Wanahitaji chakula chenye nguvu nyingi, na maziwa yana nafasi humo.

Rangi ya kohozi nayo isikutishe peke yake. Ukijani unatokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na hutokea hata kwenye mafua ya kirusi ambayo antibiotiki haiyagusi. Cha kutazama ni muda na kinachoambatana nalo. Kikohozi kilichofika wiki 2, kohozi lenye damu, kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, au kupumua kwa shida si mambo ya kufanyia majaribio ya maziwa jikoni. Nenda hospitali, na kohozi hilo lipelekwe maabara kupimwa kifua kikuu.